Kuku wageni: namna ya kuwaingiza kati ya kuku wa nyumbani

Fundisho kwa walimaji na kwa akina mama wanaofuga kuku

1. Sababu ya fundisho hili

Ndugu walimaji, na ninyi akina mama wa nyumba, fundisho hili ni la jambo dogo ambalo watu wengi hulifanya bila kufikiri. Mtu anakwenda sokoni, ananunua kuku mmoja au wawili. Au shemeji anakuja kusalimu, mkononi ana kuku wa zawadi. Au mtoto anarudi kutoka kwa nyanya yake, amepewa kuku jike mzuri. Kuku huyo anafungwa kamba mguuni, kamba inafungwa katika mti katikati ya kiwanja, naye anatupiwa mahindi. Kuku wa nyumbani wanakuja mbio kula pamoja naye. Jioni kamba inafunguliwa, anasukumwa ndani ya nyumba ya kuku, na mlango unafungwa. Kazi imekwisha.

Ndivyo wanavyofanya watu wengi katika vijiji vya Kivu, vya Maniema na vya Katanga. Lakini njia hii ina hatari mbili. Hatari ya kwanza ni vita. Hatari ya pili ni ugonjwa. Vita vinaonekana kwa macho, basi watu huviogopa. Ugonjwa hauonekani siku ile, basi hakuna anayeuogopa. Hata hivyo vita huua kuku mmoja, lakini ugonjwa unaweza kuua kuku wote wa nyumba, kisha kuku wote wa kijiji.

Tufanye hesabu. Tuseme mama mmoja ana kuku majike 12, na kila mmoja anataga mayai 40 kwa mwaka. 12 mara 40 ni mayai 480. Mengine anayauza, mengine anawapa watoto, mengine yanaatamiwa. Katika mayai hayo na katika kuku anaowauza inatoka chumvi ya nyumba, na sabuni, na daftari za watoto wa shule. Ugonjwa ukiingia ukiua kuku 10, wanabaki 2. 2 mara 40 ni mayai 80. Mama huyo amepoteza mayai 400 kwa ajili ya kuku mmoja aliyemleta kwa furaha. Tena itampasa kungoja mwaka mzima au zaidi mpaka kuku wake wawe wengi kama zamani, kwani vifaranga wengi huliwa na mwewe kabla ya kukua.

Dawa ya hatari hizi mbili ni moja: kutenga na kungoja. Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hili ni kweli kwa mtu. Kwa kuku sivyo. Kuku mgeni apewe siku 28 kabla ya kulala pamoja na wenyeji. Siku 21 za kwanza ni za kumlinda na ugonjwa na kuwalinda wenzake. Siku 7 zinazofuata ni za kuwazoesha ili wasipigane. Angalieni vizuri sababu ya kila hesabu.

2. Kuku wana vyeo kati yao

Ukitazama kuku wako wakati wa kula, utaona kwamba hawako sawa. Yuko mmoja ambaye wote wanamwachia nafasi. Wa pili anamwogopa wa kwanza, lakini anawadonoa wengine. Hivyo hivyo mpaka wa mwisho, ambaye anadonolewa na wote naye hamdonoi mtu. Mtu mmoja wa Norwei, jina lake Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliwachunguza kuku tangu utoto wake, akaandika habari hizi mwaka 1921. Tangu hapo watu wenye elimu ya mifugo wanajua kwamba vyeo hivi si ubaya wa kuku. Ndivyo wanavyopata amani. Kila kuku akijua nafasi yake, hawapigani kila siku.

Sasa mgeni akiingia, nafasi yake haijulikani. Kila mmoja anataka kujua: je, huyu yuko juu yangu au chini yangu? Basi wanapigana. Wanamdonoa kichwa, upanga na shingo. Kama kuna nafasi ya kukimbia, mgeni anakimbia, na vita vinakwisha upesi. Kama hakuna nafasi, anapigwa mpaka damu. Kuku wakiona damu hawaachi kudonoa, hata wanaweza kumwua.

Kwa sababu hiyo kumfunga mgeni kwa kamba katikati ya wenyeji ni vibaya sana. Mwenye kufungwa hawezi kukimbia. Anadonolewa pale alipo. Tena kamba inazunguka mti, inamkaza mguu, na mchana jua linamwunguza. Usifanye hivyo tena.

Jueni vilevile kwamba kuku husahauliana. Kuku wako mwenyewe akikaa mbali na wenzake kwa majuma mawili au matatu, mara nyingi akirudi wanampiga kama mgeni.

3. Ugonjwa unaofichika

Kuku anaweza kuonekana mzima naye ana ugonjwa ndani yake. Kuna namna mbili.

Namna ya kwanza ni ugonjwa ambao haujatokea bado. Mkubwa wao ni ugonjwa wa Newcastle, ambao katika Tanzania huitwa mdondo au kideri. Jina la Newcastle ni la mji mmoja wa Uingereza, kwa sababu ugonjwa huu ulitambuliwa huko mwaka 1926, na mwaka huohuo ulionekana katika kisiwa cha Java. Kuku akishikwa nao anakaa siku 2 hadi 15 kabla ya kuonyesha dalili, mara nyingi siku 5 au 6. Kisha anasinzia, mabawa yanalegea, anapumua kwa shida na kinywa wazi, anaharisha majimaji ya kijani. Wengine shingo inapinda au miguu inapooza. Katika kuku wasiochanjwa, wengi hufa, hata wote. Hakuna dawa ya kuponya ugonjwa huu. Na kuku anaweza kuanza kuwapa wenzake kabla wewe hujaona dalili yoyote.

Namna ya pili ni ugonjwa uliokwisha kutokea zamani. Kuku aliyeshikwa na mafua makali, aliyevimba uso na kutoka kamasi yenye harufu mbaya, anaweza kupona na kunenepa. Lakini vijidudu vinabaki ndani yake. Ukimleta nyumbani, yeye hana neno, wenzake ndio wanaougua. Basi mtu akikuambia: «Kuku huyu aliugua mafua lakini sasa amepona», umshukuru kwa kusema kweli, wala usimnunue kuku yule.

Tena ugonjwa unakwenda njia mbili. Pengine kuku wa nyumbani wana vijidudu ambavyo wamevizoea, naye mgeni hajavizoea. Hapo mgeni ndiye anayekufa. Kwa hiyo kutenga ni kwa faida ya wote wawili.

4. Kumchagua kuku wa kununua

Ni vema kununua kwa jirani unayemjua, katika nyumba ambayo kuku hawakufa katika miezi iliyopita. Sokoni kuku wa vijiji vingi wanawekwa pamoja katika vitunga, wanapumuliana tangu asubuhi. Hata aliyetoka kwao mzima anaweza kupata ugonjwa pale pale. Tena ujihadhari na kuku wa bei ndogo mno. Ugonjwa ukiingia katika kijiji, watu hukimbilia kuuza kuku wao kabla hawajafa.

Kabla ya kulipa, mshike kuku mkononi umtazame hivi:

a) Macho yawe wazi na kung'aa, bila povu wala uvimbe.
b) Pua iwe kavu. Weka sikio karibu na kifua chake. Ukisikia mlio wa koroma, mwache.
c) Upanga uwe mwekundu, usiwe na vidonda vyeusi vya ndui.
d) Manyoya ya nyuma yawe safi, yasiwe na mavi yaliyogandamana.
e) Pindua manyoya chini ya mabawa na karibu na mkia, utafute chawa na utitiri. Tazama uso na upanga kama kuna viroboto walioshikamana kama punje nyeusi.
f) Magamba ya miguu yawe laini. Yakiwa yameinuka na kuwa na unga mweupe, huo ni ukurutu wa miguu.

Viroboto, chawa na ukurutu vinaweza kuondolewa nyumbani. Lakini kuku mwenye koroma, mwenye uvimbe wa uso, au mwenye kuharisha, usimnunue hata kama ni mzuri wa umbo.

Ukiweza, nunua wawili au watatu wa mahali pamoja, wenye ukubwa sawa na kuku wako. Mgeni wa peke yake atapigwa na wote. Wakiwa watatu, mapigo yanagawanyika, nao wanakaa pamoja bila hofu.

5. Siku 21 za kwanza: kutengwa kabisa

Mgeni asikanyage kiwanja cha kuku wako. Mtengenezee mahali pake mbali, kama hatua 30 au zaidi, kwa upande ambao upepo hautoki kwake kwenda kwa wenyeji. Wavu wa chuma si lazima. Kibanda kidogo cha mianzi au cha matete kinatosha, chenye paa la majani, na mlango wa kufungwa usiku kwa sababu ya paka wa mwitu na nyoka. Kwa kuku watatu kibanda kiwe na metri 1 kwa kila upande, na kijiti cha kulalia. Kama una kitunga kikubwa tu, kipindue, ukiwekee jiwe juu, ukisogeze kila asubuhi mahali safi penye kivuli.

Shika amri hizi tano:

Amri ya kwanza: mgeni awe na chombo chake cha maji na chombo chake cha chakula. Visichanganywe na vya wenyeji.

Amri ya pili: kila asubuhi wape chakula wenyeji kwanza, kisha wageni. Ukimaliza kwa wageni, nawa mikono kwa sabuni na safisha miguu au viatu. Usirudi kwa wenyeji bila kunawa.

Amri ya tatu: mavi ya wageni yafukiwe au yachomwe. Yasitupwe kiwanjani ambapo kuku wako wanachakura.

Amri ya nne: watoto waambiwe. Mara nyingi ni mtoto anayelisha kuku, naye kwa upendo hubeba mgeni kwenda kumwonyesha wenzake.

Amri ya tano: akija kuku mgeni mwingine katikati ya siku hizi na kuwekwa katika kibanda hicho hicho, hesabu inaanza tena tangu siku ya kwanza.

Wape maji safi kila siku. Kuku mmoja hunywa kama robo ya litri, na wakati wa jua kali zaidi. Kuku aliyefungiwa hawezi kujitafutia, basi umpe chakula chote mwenyewe: kama gramu 100 kwa siku, yaani konzi mbili ndogo za mahindi yaliyopondwa, pamoja na lengalenga na mchwa. Kuku akifungiwa bila chakula cha kutosha, anakonda, na ugonjwa unampata kwa urahisi.

Kwa nini siku 21? Kwa sababu Newcastle na magonjwa mengine mengi huwa yamekwisha kujionyesha katika muda huo. Siku 5 hazitoshi. Siku 10 hazitoshi. Mtu aliyengoja siku 10 akasema «kuku wangu ni mzima» amekisia tu.

6. Kazi ya kufanya katika siku hizo 21

Chanjo. Mwulize mganga wa nyama, yule aitwaye veterineri, habari za chanjo ya Newcastle. Iko chanjo ya kutiwa tone moja katika jicho la kuku, nayo haina shida. Wageni wachanjwe mwanzoni mwa siku za kutengwa, ikiwa ni wazima. Wenyeji wachanjwe siku hiyo hiyo, lakini wao kwanza. Nguvu ya chanjo inakuja pole pole, kama majuma mawili. Basi ikifika siku ya 21 wote wamekingwa. Chupa moja ina dawa ya kuku wengi, mara nyingi 100 au zaidi, na ikifunguliwa haikai siku nyingi. Kwa hiyo majirani wapatane siku moja, wagawane gharama, kuku wote wa mtaa wachanjwe pamoja. Dawa isipigwe na jua. Ibebwe katika kitambaa chenye maji baridi. Chanjo irudiwe kila miezi 3 au 4, kama veterineri alivyoagiza. Kumbukeni: chanjo inamlinda mzima, haimponyi mgonjwa.

Wadudu. Andaa sanduku au shimo dogo lenye udongo mkavu uliochanganywa na majivu ya kuni yaliyopoa. Kuku wataoga humo wenyewe, na chawa watapungua. Kwa ukurutu wa miguu, osha miguu kwa sabuni, kisha paka mafuta ya mawese juu ya magamba yote. Mafuta yanaziba pumzi ya wadudu. Rudia mara mbili kwa juma mpaka magamba mapya yatokee. Usiyang'oe magamba kwa nguvu.

Minyoo. Kuku anayekula vizuri naye anakonda, pengine ana minyoo. Umpe dawa ya minyoo kwa kipimo cha veterineri katika siku hizi hizi, ili mayai ya minyoo yabaki katika kibanda kile, yasienee kiwanjani.

Jaribio la kuku mmoja. Juma la mwisho la kutengwa likianza, mchukue mwenyeji mmoja, mwenye afya lakini asiye na thamani kubwa, umweke karibu na wageni, ale nao na kunywa nao. Akibaki mzima siku 7, ni alama njema. Akiugua, umepoteza mmoja badala ya wote. Asirudi kwa wenzake kabla ya wageni. Watakwenda pamoja.

7. Habari za kuku wa zawadi

Wengine watasema: kuku wa kununua naweza kumtenga, lakini kuku wa zawadi je? Mkwe wangu akimwona kuku wake amefungiwa mbali, atadhani nimemdharau.

Jibu ni hili. Kuku wa zawadi hakataliwi, maana kumkataa ni kukataa mtu. Lakini kupokea ni neno moja, na kuchanganya kuku ni neno lingine. Mpokee kwa mikono miwili, shukuru kama desturi ilivyo, kisha sema: «Baba mkwe, zawadi yako ni kubwa. Nimeitengenezea nyumba yake, isipigwe na kuku wangu wabaya.» Hakuna atakayekasirika kwa kusikia kwamba kuku wake amepewa nyumba. Na kama desturi ni kumchinja kuku huyo kwa heshima ya wageni siku ile ile, achinjwe mbali na kuku wako, na manyoya na matumbo yafukiwe.

Kwa hiyo yafaa kila nyumba iwe na kibanda cha wageni tayari sikukuu. Zawadi haitoi habari mbele.

8. Siku 7 zinazofuata: waonane, wasigusane

Siku 21 zikiisha, na wageni wote wakiwa wazima, walete karibu na nyumba ya kuku wako. Waweke nyuma ya ukuta wa matete wenye nafasi ndogo, ili waonane na kusikiana, wala wasiweze kudonoana. Weka chakula cha wageni upande wao na cha wenyeji upande wao, vyote karibu na ukuta, hivi wanakula wakitazamana.

Siku ya kwanza utaona jogoo anapanua mabawa, na majike wanainua manyoya ya shingo. Usiogope. Siku ya tatu au ya nne wataanza kula bila kujali. Ikifika siku ya 7 hawamtazami tena mgeni kama kitu cha ajabu. Kama bado wanaruka kwenye ukuta kwa hasira, ongeza siku chache.

9. Usiku wa kuingia na siku zinazofuata

Kuku haoni vizuri gizani, naye akiisha kupanda kijiti anatulia. Kwa hiyo wageni waingizwe usiku. Wabebe mmoja mmoja pole pole bila taa kubwa, uwaweke juu ya kijiti kati ya wenyeji. Kila kuku apate santimetri 20 hadi 25 za kijiti. Kama vijiti havitoshi, ongeza kabla ya usiku huo, kwani nafasi ndogo inaleta vita kila jioni.

Kesho yake uamke mapema, uwepo mwenyewe wakati wanaposhuka. Fanya hivi:

a) Weka chakula mahali patatu, na maji mahali pawili, mbali mbali, ili mkubwa mmoja asiweze kulinda vyote.
b) Tundika fungu la lengalenga kwa kamba, juu kidogo ya vichwa vyao. Wataruka kulidonoa, nao hawatakuwa na wakati wa kudonoana.
c) Weka matawi, kitunga kilichoegemezwa, au gogo, ili anayefukuzwa apate pa kujificha.
d) Wafungie wote ndani ya uzio siku 3 hadi 7, ili wageni wajue kwao ni wapi. Wakiachwa mapema watalala mitini au watakwenda kwa jirani. Ndipo wafunguliwe jioni, saa moja kabla ya jua kuchwa, waende karibu tu.

Vita vidogo vitakuwapo. Kudonoa mara moja na kukimbizana hatua chache si kitu, usiingilie. Ukiingilia kila mara, vyeo havikamiliki, na vita vinakuwa virefu. Lakini ukiona damu, mtoe aliyeumia mara moja, mwoshe kwa maji yenye chumvi kidogo, umweke nyuma ya ukuta wa matete mpaka kidonda kikauke. Na kama ni mwenyeji mmoja tu anayewatesa wageni bila kuacha, mtoe yeye, mtenge siku 3 au 4. Akirudi atakuta wengine wamekwisha kupatana, naye hatakuwa na nguvu kama mwanzo.

Mara nyingi juma moja linatosha, pengine majuma mawili au matatu. Mayai yakipungua siku hizo, usishangae. Yatarudi.

10. Wanaohitaji uangalifu zaidi

Jogoo. Jogoo mmoja anatosha majike 8 hadi 10. Ukimleta jogoo mpya, mtoe wa zamani kwanza, kwa kumwuza au kumla. Majogoo wawili wazima wasiojuana watapigana mpaka mmoja afe au akimbie. Ukimleta jogoo mkubwa wa namna ya Rhode Island, jua kwamba uzito wake unapita kilo 3, na majike wengi wa kijijini wana kilo 1 na nusu tu. Tazama migongo yao kila juma. Ukikuta vidonda vya kucha, kata ncha za kucha zake.

Kuku mwenye vifaranga. Mama huyu hupiga kila mgeni. Kaeni mbali naye mpaka vifaranga waweze kujitegemea.

Kuku wadogo. Wasiingizwe kati ya wakubwa kabla ya majuma 12 hadi 16. Tazama ukubwa wa mwili kuliko hesabu ya majuma.

11. Njia isiyo na vita

Iko njia nyingine ya kupata mbegu mpya bila kuleta kuku mgeni. Nunua mayai yenye mbegu, mapya, yasiyozidi siku 7, kutoka kwa mtu mwenye kuku wazuri na wazima. Kuku wako mwenyewe akianza kuatamia, mwondolee mayai yake, umwekee hayo 10 au 12. Baada ya siku 21 atatotoa, naye atawalea kama watoto wake. Vifaranga hawa watakua kiwanjani mwako, watapata vyeo vyao pole pole chini ya ulinzi wa mama. Yako magonjwa machache yanayopita ndani ya yai, kwa hiyo chagua vema nyumba unayonunua. Lakini hatari ni ndogo kuliko kuku wa sokoni, na gharama ni ndogo.

12. Ugonjwa ukitokea katika kibanda cha wageni

Usilie, wala usione kwamba kazi yako imekuwa bure. Kibanda kimefanya kazi yake: ugonjwa umezuiwa pale. Sasa usimpeleke mgonjwa sokoni, wala usimpe jirani. Kumwuza kuku mgonjwa ni kuchoma nyumba ya mwenzako kwa moto uliouona kwako. Mwite veterineri. Aliyekufa achomwe, au afukiwe shimo la metri 1, mbwa wasimfukue. Asitupwe porini wala mtoni. Kama kuku wengi wanakufa kwa ghafula, usiwashike kwa mikono mitupu, usiwachinje, watoto wakae mbali. Kibanda cha matete kichomwe chote. Matete yanapatikana tena.

13. Kuhesabu siku bila kusahau

Tia kibuyu karibu na mlango wa nyumba yako. Kila asubuhi ukimaliza kulisha wageni, tia kijiwe kimoja ndani. Vijiwe 21: wasogeze karibu na wenyeji, nyuma ya ukuta. Vijiwe 28: waingize usiku. Mtu akikuhimiza kuharakisha, mwaga vijiwe, uvihesabu mbele yake.

14. Maulizo

1. Hatari mbili za kuku mgeni ni zipi? Ipi inaua kuku wengi zaidi?
2. Kwa nini haifai kumfunga mgeni kwa kamba katikati ya wenyeji?
3. Kuku aliyepona mafua makali ana hatari gani?
4. Kwa nini tunangoja siku 21 wala si siku 10?
5. Asubuhi tunawalisha nani kwanza? Kwa sababu gani?
6. Utamwambia nini mkwe aliyeleta kuku wa zawadi?
7. Ukuta wa matete una kazi gani katika siku 7?
8. Ukiona damu utafanya nini? Ukiona kudonoana kidogo tu utafanya nini?
9. Mama ana kuku majike 15, kila mmoja anataga mayai 40 kwa mwaka. Ugonjwa unaua 12. Atapoteza mayai mangapi kwa mwaka mmoja?
10. Mtu alileta wageni watatu tarehe 3 ya mwezi wenye siku 30, akatia kijiwe cha kwanza siku hiyo. Atawasogeza karibu na wenyeji tarehe gani?

Majibu ya hesabu: ulizo la 9, mayai 480. Ulizo la 10, tarehe 23, akiisha kutia kijiwe cha 21.